Tahadhari: Muuzaji anayekuhakikishia jinsia ya vifaranga wa bata mzinga

Wafugaji wenzangu, kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza "seti ya dume mmoja na majike wawili, jinsia imehakikishwa", ilhali anachouza ni vifaranga ambao bado wana manyoya ya utotoni. Mimi nililetewa seti hiyo. Wote watatu wamekuwa madume, sasa wanararuana vichwa, na muuzaji ameniblock. Simtaji jina kwa sababu matangazo ya aina hiyo yamezagaa kwa wauzaji wengine pia, na akibadilisha akaunti kesho jina halitawasaidia. Ujanja wenyewe ndio muujue.

Ushahidi anaokutumia ni video. Kifaranga mmoja ametandaza mkia, ameshusha mabawa, anatembea kwa maringo ndani ya beseni la buluu. Chini yake imeandikwa: "Dume huyo, jionee." Sasa sikia. Vifaranga wa bata mzinga hujitunisha hivyo tangu wakiwa na siku chache tu, wa kike kwa wa kiume. Hata jike mzima hutandaza mkia anapogombania ukubwa kundini. Kwa hiyo video hiyo haithibitishi chochote, na naamini anajua.

Njia ya kutambua jinsia mapema ipo. Mtu aliyefunzwa hukibinya taratibu kitundu cha nyuma cha kifaranga aliyetoka tu kuanguliwa, akaangalia maumbile ya ndani. Ni kazi ya vituo vikubwa vya kutotolesha, inataka mkono uliozoea, na asiyeijua anaweza kumuumiza kifaranga. Nilipomuuliza ni nani aliyewakagua wale wangu, alijibu kwamba wao wana uzoefu, wanatambua kwa macho tu. Macho! Ukipewa jibu la namna hiyo, funga mazungumzo.

Asiye na ujuzi huo hana budi kusubiri miezi mitatu, minne, au zaidi. Hapo tazama kwanza kile kinyama kinachoota juu ya mdomo. Kwa dume hurefuka hadi kuning'inia kupita ncha ya mdomo anapojitunisha. Kwa jike hubaki kifupi. Kichwa na shingo ya dume huwa wazi, huota vinundu, na rangi hugeuka kati ya nyekundu, buluu na nyeupe kufuatana na hali aliyonayo. Jike hubakiza vinyoya vidogo kichwani na nyuma ya shingo. Kwa bata mzinga wa rangi ya shaba, manyoya ya kifua cha dume huishia na ncha nyeusi, ya jike huishia na ncha nyeupe au ya kahawia hafifu. Kwa weupe kipimo hiki hakikusaidii. Ule mlio mrefu wa kugugumia kooni ni wa dume. Lakini usiamini sana kishungi cha nywele ngumu kifuani: huchelewa kutokea, na baadhi ya majike nao huwa nacho.

Muuzaji huyu ana maneno mengine mawili matamu. La kwanza ni "dume mpole, amelelewa peke yake mikononi mwa watu". Hiyo si sifa. Dume aliyekua bila wenzake humhesabu binadamu kuwa bata mzinga mwenzake, na akibalehe atakupiga mateke kama mshindani au atakutongoza. Sijui lipi ni afadhali. La pili ni kuuza wale weupe wa nyama, wenye kifua kipana, kama mbegu ya kuzalisha. Dume wa aina hiyo akikomaa huwa mzito mno kumpanda jike, ndiyo maana mashamba makubwa hutumia uhimilishaji, yaani jike hupandikizwa mbegu za dume kwa mkono wa mtu. Jike wako atataga vizuri, mayai hayataanguliwa, na mnunuzi anayelalamika huambiwa eti jike wake ndiye mwenye kasoro.

Tazama pia picha za banda lake: kuku na bata mzinga wamechanganywa. Kuku mwenye minyoo ya utumbo anaweza kuonekana mzima kabisa huku akieneza vimelea vinavyoshambulia ini la bata mzinga. Ukiona bata mzinga anatoa kinyesi cha njano kama salfa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kama unataka vifaranga, nunua kadhaa kwa bei ya vifaranga wasiojulikana jinsia, kisha uchague wakikua. Kama unataka seti kamili, nunua waliokomaa, uwaone mwenyewe, au udai video ya siku hiyo inayoonyesha kichwa, kifua na miguu ya kila mmoja. Usitume malipo ya awali kabla ya hapo, na ahadi ya kubadilishiwa iwe ya maandishi.

Na kama tayari umeuziwa madume watupu, watenganishe kabla damu haijamwagika, kwa ukuta usiopenyeza macho, maana wakionana kupitia wavu hugombana siku nzima. Usiwatulize kwa kuwaletea jike mmoja. Watamparua mgongo wote.