Nimejaziwa flashi ya Peter Gabriel pale Majengo: Genesis wako kwenye gospo, Mjerumani simjui, na mama mkwe kaniibia redio

Haya wana Dodoma, mliokuwa mnauliza wapi mtu anajaziwa flashi ya miziki isiyo bongofleva wala amapiano, mimi nimeshaenda na nimerudi mara tatu kwa hiyo nina la kusema. Kibanda kiko upande wa soko la Majengo, jina silitaji na hata ningetaka hakina bango, ni meza, laptopu ya kioo kilichopasuka kona, chaja zinaning'inia kama vitunguu na spika inapiga singeli kuanzia saa mbili asubuhi. Dogo mwenyewe mpole, anakuita "mkuu" hata kama umekuja na ndala.

Kwanza niseme kwa nini flashi kwenye dunia hii ya kustrimu. Gari yangu ya zamani, redio inasoma CD na flashi basi, na kazi inanipeleka Manyoni leo, Kondoa kesho, Mtera keshokutwa, na kuna vipande vya njia mtandao unakuja unakata mpaka unachukia. Nikamwambia dogo nataka Peter Gabriel wote, tangu bendi yake ya kwanza hadi albamu ya mwisho, na zile alizofanya na watu wengine. Akaniangalia. "Huyo ni Mnaijeria mkuu?" Nikamwambia ni Muingereza, mzee wa rock, wewe tafuta tu. Flashi ya GB 32 elfu kumi, kujaza elfu tano, jumla elfu kumi na tano, njoo kesho jioni maana anashusha usiku kwa bando la usiku. Sawa.

Jioni ya pili flashi iko tayari, nachomeka kwenye gari, natafuta Genesis, ndio hiyo bendi yake ya kwanza. Hamna. Natafuta tena, hamna, nimeshafika Nala ndio nikafungua folda iliyoandikwa GOSPO na humo, katikati ya kwaya za pambio, wamekaa Genesis wote! Dogo kaona Genesis akajua ni kitabu cha Mwanzo, na albamu yao ya kwanza ya 1969 inaitwa From Genesis to Revelation, sasa hapo nani angemlaumu. Nilicheka peke yangu kwenye gari kwa sababu hiki ndicho kilichowapata wenyewe kule Uingereza, maduka ya santuri yaliiweka albamu ile kwenye rafu za dini na ikauza kiduchu. Zaidi ya miaka hamsini baadaye kosa lile lile Majengo. Nikamsamehe hapo hapo.

Na kwa wasiomjua, Gabriel alianzisha Genesis na wenzake wakiwa wanafunzi wa shule moja ya bweni inaitwa Charterhouse, 1967, akakaa nao albamu sita za studio. Yeye ndiye mwimbaji, anapuliza filimbi, na mwaka 1972 akapanda jukwaani na gauni jekundu la mke wake na kichwa cha mbweha, wenzake hawana habari. Nyimbo zao ndefu, wacha kabisa. Kuna mmoja kwenye albamu ya Foxtrot una dakika 23, niliuanza pale Nala nikawa nakaribia Kigwe bado jamaa anaimba. Kama huna subira hiyo folda ruka, mimi naipenda ila sio kila siku, na sio ukiwa na abiria.

1975 akatoka kwenye bendi, na hapa ndipo dogo alipochemka vibaya. Sikilizeni kwa makini maana na nyie yatawakuta. Albamu zake nne za kwanza akiwa peke yake, 1977, 1978, 1980 na 1982, zote zinaitwa Peter Gabriel. Zote nne! Alitaka ziwe kama magazeti, jina lile lile toleo jipya. Mashabiki ndio wamezipa majina kwa kuangalia picha ya kava, ile ya gari lenye matone ya mvua wanaiita Car, ile anayoparura karatasi kwa kucha Scratch, ile uso unaoyeyuka Melt, na ya nne Wamarekani walibandika jina Security kwa nguvu zao. Sasa dogo kashusha folda nne zenye jina moja, anakopi kwenye flashi, kompyuta inamuuliza hizi zipo tayari nibadilishe? yeye ana wateja watano wamesimama, anabonyeza ndiyo kwa zote. Matokeo yake track 01 ya albamu moja imekaa juu ya track 01 ya nyingine, mafaili yameandikwa namba tu bila majina, nikabaki na albamu moja na vipande vya nyingine mbili vilivyozidi urefu.

Na hiyo moja iliyobaki, jamani, ni ya Kijerumani.

Niko njia ya Kondoa, wimbo naujua kuanzia ngoma mpaka gitaa, jamaa anafungua mdomo yanatoka maneno sijawahi kuyasikia. Nikajua flashi ina virusi, nikazima redio nikawasha, yale yale. Nikapaki pembeni nikampigia dogo nikamwambia umeniwekea nini, ananiambia mkuu si ulisema wote? Na kweli bana, nilivyokuja kufuatilia kumbe Gabriel mwenyewe aliirekodi albamu ya tatu na ya nne upya kwa Kijerumani kwa ajili ya soko la kule, sauti yake mwenyewe. Mimi shabiki wa miaka ishirini nilikuwa najua kwa kusoma, sijawahi kusikia. Kwa hiyo dogo kanikosea na kanifundisha kwa wakati mmoja, sijui nimpunguzie nyota au nimuongezee.

Nilirudi, akarekebisha bure bila kununa, tena nikamwambia aandike mwaka mbele ya kila folda na Genesis awatoe kanisani. Safari ya pili ikawa sawa isipokuwa ile albamu ya mwisho, i/o ya Desemba 2023, tutafika.

Sauti sasa, maana ndio kitu cha msingi kwenye huduma kama hii. Nimejaribu kwenye sabufa ya nyumbani kwa ile Melt ya 1980, na sababu ya kuichagua hiyo ni ngoma zake. Gabriel aliwakataza wapiga ngoma wake wasiguse matoazi kabisa, albamu nzima, na mmoja wa wapigaji ni Phil Collins, ndiye huyo huyo aliyechukua nafasi yake ya kuimba Genesis alipoondoka, yaani hawakununiana. Wakiwa na fundi mitambo Hugh Padgham wakapata ule mlio wa ngoma unaolipuka halafu unakatwa ghafla kama mlango umefungwa na upepo, mlio ambao baadaye Collins kautajirikia na miaka ya themanini yote ikauiga. Sasa kama faili limebanwa sana ule mkato unapotea, unasikia tu tufu, tufu. Hapa kwa dogo mkato upo, glasi kabatini zinaitika, jirani akagonga ukuta. Nyimbo mbili tatu za 1978 ndio zimebanwa zinasikika kama redio ya mkulima, ile albamu aliisimamia Robert Fripp wa bendi ya King Crimson na yenyewe ni kavu kavu toka kuzaliwa kwa hiyo inazidi kukauka.

Mwisho wa Melt kuna wimbo wa Steve Biko, yule mpigania haki wa Afrika Kusini aliyefia mikononi mwa polisi wa Makaburu Septemba 1977. Unaanza na kuisha na sauti za watu wa Afrika Kusini wakiimba, ule wa mwisho ni Senzeni Na, na ukiwa peke yako barabarani jua linazama upande wa Manyoni ule wimbo unakukalia kifuani, siongezi neno.

Albamu ya So ya 1986 mnaijua hata kama hamjui mnaijua, humo ndio kaimba na mwanamama Kate Bush ule wa mtu aliyepoteza kazi, na Youssou N'Dour wa Senegali anaingia mwisho wa wimbo mmoja na Kiwolof mpaka nywele zinasimama. Hiyo haina kosa kwenye flashi. Zile za okestra za 2010 na 2011 dogo kaziweka, mimi zinanipa usingizi na dereva hatakiwi kusinzia, nimezifuta.

Ila mali yenyewe ya flashi hii ni folda ambayo dogo kaiita ALIOFANYA NAO, na hapo nampigia saluti. Mwaka 1982 Gabriel na wenzake walianzisha tamasha la WOMAD la miziki ya dunia nzima, likala hasara kubwa, watu wanadai hela zao, ikabidi Genesis wa zamani warudi jukwaani naye usiku mmoja Milton Keynes mwezi Oktoba, mvua inanyesha, ili walipe deni. Mchango kabisa, kama sisi na harusi zetu. Halafu 1989 akafungua lebo ya Real World, ya kwanza kutoa ni Passion, muziki aliotunga kwa ajili ya filamu ya Martin Scorsese, humo yumo Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, yumo Baaba Maal wa Senegali. Papa Wemba katembea naye kwenye ziara. Na Dokta Remmy Ongala, huyu wa Sinza kwa Remmy, mwaka huo huo wa 1989 katoa Songs for the Poor Man na Matimila wake chini ya lebo hiyo. Dogo hakujua kabisa, kaona tu jina Remmy kwenye kutafuta akashtuka, "mkuu huyu si wa kwetu?"

Subiri, kuna wa kwetu zaidi.

Jumapili iliyopita nimemfuata mama mkwe Mvumi aje kuwaona wajukuu. Mama ni Mgogo wa kabisa, ukimwamkia lazima uanze na mbukwenyi ndio mengine yafuate, na kwenye gari yangu huwa anakaa kimya anavumilia magitaa yangu kwa heshima. Nimeweka folda ile inajizungusha yenyewe. Kapita Msenegali, kapita Mpakistani, mama anaangalia mibuyu dirishani. Mara ikaanza ilimba, ile ala ya Kigogo ya kupiga kwa vidole gumba. Nikaona mkono wake umesimama kwenye fundo la khanga, akanigeukia, ile sauti nyembamba ya juu ikaingia na maneno ya Kigogo, akasema "baba, ongeza". Mimi nimeoa miaka tisa, hajawahi kuniambia niongeze redio. Nikaongeza.

Ni mzee Hukwe Zawose, mtoto wa Dodoma hii hii, aliyekwenda Bagamoyo kwenye sanaa enzi za Mwalimu. Real World walimtolea Chibite mwaka 1996, halafu akafanya albamu na mpiga gitaa wa Kanada Michael Brook inaitwa Assembly, na 2002 Gabriel akamchukua kwenye ziara yake Marekani, mzee na zeze lake mbele ya viwanja vya watu waliokuja kusikiliza rock. Akafariki mwishoni mwa 2003. Mama mkwe akawa ananitafsiria kipande kipande, akifika pengine anacheka mwenyewe ananiambia hii baba haitafsiriki. Ile ya Assembly yenye gitaa la Mkanada chini yake hakuipenda, kasema kuna mtu anapiga kelele nyuma ya mzee. Mimi naipenda hiyo, gitaa la Brook linavuta noti moja ndefu haikati na ilimba inadondoka juu yake kama mvua ya kwanza kwenye bati, lakini sikubishana, mkwe ni mkwe.

Kasoro zilizobaki. i/o ina nyimbo 12 na kila moja imechanganywa sauti mara mbili, kuna mchanganyo wa upande wa mwanga na wa upande wa giza, mafundi wawili tofauti. Dogo kaona majina yanajirudia akafuta "zilizojirudia" kuokoa nafasi, sasa nina sita za mwanga na sita za giza zimechanganyika kama njugu na kunde. Mzee aliitoa hii albamu wimbo mmoja kila mwezi mpevu mwaka mzima wa 2023, baada ya miaka 21 bila albamu ya nyimbo zake mpya, besi bado anapiga Tony Levin aliyekuwa naye tangu 1977, halafu inafika Majengo inakatwa nusu. Hii iliniuma. Pia flashi yenyewe angalieni, ya kwanza aliyonipa iliandikwa 32 ikajaa kwenye 7, feki, akanibadilishia lakini pimeni pale pale mezani. Na jingine linanikera, elfu tano yangu haimfikii Gabriel wala Remmy wala ukoo wa Zawose, najua, kwa hiyo Chibite nimeinunua mwenyewe mtandaoni kihalali, zingine nitafika taratibu mshahara ukiruhusu.

Nyota tatu na nusu kwa dogo. Nendeni na karatasi mmeandika mwaka wa kila albamu, nendeni asubuhi kabla hajazidiwa na wateja wa kava za simu, na mkae pale akikopi.

Mimi narudi Jumamosi na flashi ya pili, hiyo sio yangu. Mama mkwe kaagiza redio ndogo ya flashi ya kuondoka nayo Mvumi, anataka Zawose mtupu na Remmy kidogo, na kasema yule Mjerumani asiwekwe.