Uzoefu wangu: NAD 3020 ya zamani na spika zangu za sebuleni, Tabora

Nilikuwa na jozi ya spika ndogo za Kiingereza, ambazo nyuma yake pameandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) na desibeli 86 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na nilichokosa ni amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti, ya zamani inayozifaa. Hapa Tabora wauzaji wa vifaa vilivyotumika hutaja wati kabla ya jambo lingine lolote, na kwa kipimo hicho Pioneer SX-780, yenye redio ndani yake na wati 45 kwa kila upande, iliishinda kwa mbali NAD 3020 yenye wati 20. Mimi nilianza na kibandiko cha nyuma ya spika, na ninaamini kwamba huko ndiko pa kuanzia.

Desibeli 86 maana yake ni kwamba spika ikipewa wati 1 hutoa sauti ya kiwango hicho ikipimwa umbali wa mita 1. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu: wati 2 huleta 89, wati 4 huleta 92, na wati 16 huleta 98, kiwango ambacho sebuleni kwangu watu hawawezi tena kuzungumza. Kwa hesabu hiyohiyo wati 45 huzizidi wati 20 kwa desibeli tatu na nusu hivi, tofauti ambayo sikio huitambua lakini haitoshi kuamua ununuzi.

Kilichonivuta kwa NAD hiyo, iliyoingia sokoni mwaka 1978, ni uwezo wake wa kutoa mkondo mkubwa wa umeme kwa muda mfupi pale ngoma inapopigwa ghafla, kwa kuwa ukinzani wa spika haukai kwenye omu 8 wakati wote, bali hupanda na kushuka muziki unavyokwenda. Nikipiga nyimbo za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi za zamani za hapa Tabora, besi husikika noti kwa noti bila kuvimba, na magitaa yanayojibizana hayamfuniki mwimbaji. Ina pia swichi ya kulainisha sauti amplifaya inapofikia ukomo wa nguvu zake, nami naithamini sana, maana twita nyingi, yaani vipaza vidogo vya sauti nyembamba ndani ya spika, huunguzwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupita uwezo wake.

Umri wake, hata hivyo, una gharama. Kabla ya kuiunganisha na spika, fundi alipima kama kuna umeme wa DC (mkondo mnyoofu) unaovuja kwenye matundu ya amplifaya ya kuunganishia spika, akabadilisha kapasita (vipuri vya kuhifadhi umeme) zilizokauka na kusafisha vitufe vya sauti vilivyojaa vumbi. Malipo ya kazi hiyo yahesabiwe ndani ya bei. Volti nazo zichunguzwe: kifaa kilichotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia volti 100, nacho kikichomekwa kwenye volti 230 zetu bila transfoma kitaungua. Changu kilitengenezwa kwa umeme wa Uingereza, hivyo hakikuhitaji chochote.

Mwenye ukumbi, au anayetaka kuunganisha jozi mbili za spika za omu 4, atafute amplifaya kubwa zaidi, kwa sababu jozi hizo zikiunganishwa sambamba hushuka hadi omu 2 na kuipasha NAD hii moto kupita kiasi.