TAHADHARI: "Polishi ya nano" ya mtandaoni imenilia klia ya gari

Wakuu, salaam. Hii nawaandikia wenzangu ambao ndiyo kwanza wamepata gari la mtumba kutoka Japani, wanalipenda kama mtoto, na Jumapili asubuhi wanataka kuliosha na kulipiga polishi wenyewe nyumbani. Mimi ni mmoja wenu. Ninayo Toyota IST nyeusi ya 2005, naishi Tabata, nalaza gari chini ya mwembe kwa sababu hakuna kivuli kingine. Aliyewahi kulaza gari jeusi chini ya mwembe Dar anajua habari za kunguru na utomvu. Kwa hiyo polishi nilikuwa naihitaji kweli, sikuwa natafuta mapambo.

Miezi mitatu iliyopita nikapigwa. Hela iliyokwenda ni shilingi 85,000, na kama ingekuwa hela tu ningenyamaza, maana kila mtu mjini ana siku yake ya kupigwa. Kilichonifanya niandike ni boneti na paa, vilivyoliwa klia, lile tabaka la juu la rangi linalong'aa.

Ilianza kwa video. Mkono wa mwanaume, kidole kimoja kina pete kubwa ya fedha yenye jiwe jekundu, unashika sarafu na kuiburuza kwenye mlango wa gari jeusi. Mstari mweupe unatokea, ukiutazama roho inakuuma. Halafu mkono uleule unamwaga matone mawili kwenye kitambaa, unafuta mara moja, mstari haupo. Kisha wanawasha moto juu ya boneti, unawaka bluu, wanauzima, rangi iko vilevile. Mwisho wanamwaga maji yanatiririka kama kwenye jani la mgomba. Maandishi chini: nano, 9H, inafuta mikwaruzo yote, inalinda rangi miaka 10. Seti nzima, yaani shampuu, polishi, chupa ya nano na vitambaa viwili, kutoka 120,000 mpaka 85,000, ofa inaisha leo saa sita usiku. Nilifuatilia ukurasa ule wiki tatu kabla ya kununua. Ofa ilikuwa inaisha leo kila siku.

Nikauliza duka liko wapi. "Kariakoo bosi, ila liko kwenye ukarabati, kwa sasa tunauza mtandaoni tu." Naweza kulipa nikishaona mzigo? "Boda wetu hawaruhusiwi kushika hela bosi." Nilipoanza kutuma, jina lililojitokeza kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu binafsi, halifanani hata herufi na jina la biashara. Hapo ndipo nilipopaswa kubonyeza sifuri nikaenda zangu kulala. Sikubonyeza.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu utapeli huu si ule wa kutuma hela halafu usione kitu. Mzigo ulifika. Boda alikuja baada ya saa mbili, mpole, akanisalimia vizuri. Ndiyo maana wengi hawalalamiki: umepewa kitu, kwa hiyo kikiharibu unajilaumu mwenyewe kwamba hujui kutumia.

Ile chupa ya nano ilikuwa na lebo inayong'aa. Nilipoishika kwa mkono wenye maji lebo ikaanza kuchomoka, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine: dawa ya kung'arishia dashibodi. Yaani mafuta ya silikoni, yale yanayouzwa kila kituo cha mafuta. Polishi ilikuwa kwenye kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala nchi ilikotoka, uji mzito wa rangi ya waridi unaonuka mafuta ya taa. Karatasi ya maelekezo iliandika: paka, sugua kwa nguvu, acha ikauke juani, futa.

Nikafuata. Saa tano asubuhi, boneti ya moto, nasugua kwa nguvu zote kama nasugua sufuria ya pilau. Niliposuuza, gari lilikuwa linameremeta kweli, mke wangu akasema limekuwa jipya. Siku ya tatu, baada ya kuosha tena, mng'ao ule ukaondoka wote, na chini yake nikakuta ukungu wa kijivu na mistari ya duara elfu moja, mahali pote mkono wangu ulipopita. Ukisimama na jua mgongoni unaiona kama utando wa buibui.

Nikaenda kwa fundi wa rangi Ilala, mzee mmoja amezeekea kwenye kazi hiyo. Alichota ule uji kwa kidole, akaupikicha, akanitazama. "Kijana wangu, hii dawa ya kukata, ina chembe kali za kusaga rangi. Sisi tunapaka baada ya msasa, na hatuimalizi hapo, tunafuata na polishi laini mbili. Nani kakwambia hii polishi?" Nikamwambia mtandao. Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi.

Alinieleza kitu ambacho kila anayeanza anapaswa kukijua kabla hajanunua kopo lolote. Rangi ya gari ina tabaka. Chini ni ya msingi, juu yake ndiyo rangi yenyewe, na juu kabisa kuna klia, ile inayong'aa na kuzuia jua. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Polishi yoyote ya kweli inafanya kazi kwa kuila klia kidogo mpaka kingo za mkwaruzo zisawazike. Hakuna polishi inayojaza klia mpya. Kwa hiyo ukipitisha ukucha kwenye mkwaruzo na ukucha ukakwama, mkwaruzo huo ni mzito, na mtu akikuambia anaufuta kwa kitambaa na matone mawili, anakudanganya au anauficha kwa mafuta. Klia yangu ya paa, fundi alisema, imebaki kidogo mno, ya kulamba tu. Nikipiga tena dawa ya kukata mara moja au mbili, nitaikuta rangi yenyewe, na baada ya hapo jua la Dar linamaliza kazi.

Nikamwonyesha ile video. Akanifafanulia mchezo mmoja baada ya mwingine, na hapa ndipo nilipojiona mjinga.

Sarafu ni laini kuliko unavyodhani. Ukiiburuza juu ya klia bila kukandamiza, kinachobaki kwenye gari ni chembe za sarafu, gari lenyewe halijakatika. Mstari mweupe ni madini ya sarafu, hata kitambaa chenye mafuta ya taa kinaufuta. Wengine wanatumia kalamu ya wino mzito badala ya sarafu, huo nao unatoka kwa thina. Moto ni spiriti: unaowaka ni mvuke, wanauzima baada ya sekunde chache kabla bati halijapata joto, na gari lisilopakwa chochote lingetoka salama vilevile. (Msijaribu, tafadhali. Kuna mtu atamwaga petroli.) Maji kutiririka ndiyo rahisi kuliko yote, kwa sababu mafuta yoyote yanakimbiza maji. Paka dizeli kwenye boneti, utaona maji yanakimbia. Kinachohesabika ni kama bado yanakimbia baada ya kuosha mara nne kwa shampuu.

Na hiyo 9H inayoandikwa kila mahali? Ni kipimo cha ugumu kwa penseli, zile penseli za H na B za kuchorea. Maana yake penseli ngumu ya kiwango hicho haikukwaruza. Haina uhusiano na funguo, kokoto, wala kucha za paka wa jirani. Mipako ya seramiki ya kweli, ile migumu ya kulinda klia ambayo hawa wanaiigiza, ipo na ni kitu kizuri, lakini inataka rangi iandaliwe kwanza, mafuta yote yatolewe, ipakwe kivulini bila vumbi na iachwe ikauke bila kuguswa na maji. Haipakwi na boda mlangoni, na haifuti mikwaruzo. Ukiipaka juu ya mikwaruzo, inailinda mikwaruzo.

Niliporudi kulalamika, jibu la kwanza lilikuwa: "Bosi hukufuata maelekezo." Nikawatumia picha ya maelekezo yao wenyewe. Jibu la pili halikuja, nikablokiwa. Nilipiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wa simu, nikaambiwa hela imeshatolewa kwa wakala siku nyingi. Kituo cha polisi nilipewa RB, ile namba ya taarifa yangu, lakini askari aliniuliza swali moja likanikata maini: una risiti? Sina. Muuzaji halali Tanzania anatakiwa akupe risiti, kwa wengi ni ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na ukiwa nayo una pa kuanzia, hata ukienda Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia. Picha za maongezi ya WhatsApp nilikuwa nazo, zimesaidia kiasi. Msifute maongezi kwa hasira.

Halafu, kama mchezo wa kuigiza, wiki iliyofuata akanifuata mtu mwingine kwenye ujumbe. Aliona nimelalamika chini ya video. Anasema anafanya kazi "kitengo cha makosa ya mtandao", anaweza kunirudishia hela yangu yote, nitume 20,000 tu ya kufungua faili. Huyo ni tawi la biashara ileile, au ni fisi anayefuata simba. Ujumbe wa namna hiyo ukija kwa SMS, upelekeni namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na namba iliyoutuma.

Mambo niliyojifunza ya kukagua, yasiwapite. Kwenye Instagram ukigusa jina la akaunti, kuna sehemu ya kuhusu akaunti hiyo inayoonyesha ilifunguliwa lini, na nyingi zinaonyesha kama iliwahi kubadili jina. Ile yangu ilikuwa imebadilishwa mara kadhaa. Nadhani zamani iliuza dawa za nywele au tetesi za mpira, sijui. Tazama shuhuda za wateja: zangu zote zilikuwa picha za maongezi yenye asilimia ileile ya betri juu ya simu. Wateja kumi na wawili, betri 43. Na kama maoni yamefungwa chini ya video inayosema "wateja wetu wanatupenda", jiulize wanapendea wapi.

Kama umeshanunua na kopo liko mkononi, usilipeleke kwenye boneti. Chukua CD ya zamani, upande unaong'aa, paka tone, sugua taratibu kwa kitambaa laini, futa, itazame kwenye mwanga. Ikitoka na michirizi mizito inayoonekana kwa mbali, hiyo ni dawa ya kukata. Kisha jaribu mahali pasipoonekana, kama ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, uoshe kwa shampuu, usubiri siku mbili. Siku mbili hizo zingeniokolea paa.

Kuhusu kuosha kwenyewe sitasema mengi, kwa sababu mnaoanza mnahitaji vitu vichache kuliko mnavyouziwa. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia kitambaa. Mwagia gari maji kwanza mchanga uondoke, anza juu ushuke, matairi yawe na kitambaa chao. Kivulini, asubuhi, bati likiwa baridi. Sabuni ya unga iacheni kwa nguo, inatoa waksi yote. Na kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama sisi huku, msiyaache yakauke juu ya rangi, yanaacha madoa meupe. Kausheni haraka au suuzeni mwisho na maji ya bomba. Kinyesi cha kunguru kisingoje Jumapili, kilowesheni mara moja na mkifute bila kusugua. Polishi si ya kila wiki, hata kila mwezi ni nyingi. Waksi ndiyo mnayoweza kurudia kila baada ya wiki kadhaa: pakeni nyembamba mno, isubirini ikauke kidogo, futeni, na msiipake kwenye plastiki nyeusi maana inaacha weupe. Inunueni dukani mnakoweza kurudi na kopo mkononi.

Fundi alinitajia 280,000 kwa kupiga rangi upya paa na boneti, kisha mwenyewe akanishauri nisipige. Alipitisha laini mbili kwa mashine, akapaka waksi, ukungu ukapungua, mistari ikabaki michache. Alinichaji 60,000 na kuniambia paa hilo nisiliguse tena kwa polishi, nilifunike.

Jana usiku nimeiona ile video tena. Akaunti ni nyingine, jina jingine, seti sasa ni 65,000 na haiitwi nano tena, inaitwa "grafini". Mlango ni uleule mweusi, sarafu, na pete ya fedha yenye jiwe jekundu. Nikaandika chini yake kwamba huyu ni tapeli. Maoni yangu yalikaa dakika nne.