Suzuki Bandit 1200 ya zamani kwenye mbio za mita 402: uzoefu wangu

Wakuu, naandika kwa ajili ya wanaouliza kama pikipiki kubwa ya miaka ya 1990, iliyoshuka bandarini ikiwa mtumba kutoka Japani, inaweza kuandaliwa kwa mbio za kunyooka za mita 402, yaani robo maili, bila kupasua injini. Inaweza, na inafanya vizuri sana. Yangu ni Suzuki Bandit 1200 toleo la kwanza. Injini yake ya cc 1157 imetokana na ile ya GSX-R1100, inapozwa kwa hewa na oili, na inavuta kwa nguvu tangu mizunguko ya chini. Valvu zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kwa hiyo fundi mtulivu mwenye fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi) anazimaliza hapa hapa mjini Dar bila kuagiza kitu.

Watu wengi wakipata hela wanakimbilia eksozi na kabureta. Mimi nasema hela ya kwanza iende kwenye kuondoka. Mbio za mita 402 zinaamuliwa zaidi kwenye mita 18 za mwanzo, na Bandit ya kiwandani hapo inakukatisha tamaa kwa namna mbili: ukiachia klachi kwa nguvu, gurudumu la mbele linapaa, ukiiachia polepole, klachi yenyewe inateleza na kuungua.

Klachi ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote. Bandit hii haina springi ndogo ndogo za kuzunguka kama pikipiki nyingi. Ina springi moja bapa kama sahani. Nilifungiwa ya pili juu yake pamoja na sahani mpya za msuguano, na gharama yote haikufikia bei ya tairi moja la nyuma. Sasa nikiachia mkono, pikipiki inaondoka mara moja, sisikii tena injini ikipiga kelele huku mwendo haupo. Ubaya wake ni kwamba mkono wa klachi umekuwa mgumu. Kwenye foleni ya Tazara jioni, vidole vinawaka moto. Anayeitegemea pikipiki hiyo hiyo kwendea kazini alifikirie hilo kabla hajalipa.

Na tafadhali angalieni oili. Klachi hii inaogelea kwenye oili ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano ambavyo vinaifanya iteleze hata kama springi ni mpya. Geuza kopo utafute alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki) MA au MA2. Ukikuta MB, rudisha kopo kabatini, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya skuta zenye klachi kavu.

Kuishusha pikipiki chini kulifanyika Gerezani, kwa mafundi wa chuma. Nyuma, unabadilisha vile vipande viwili vya chuma vinavyounganisha shokapu na swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), unaweka virefu zaidi. Mbele, unalegeza foku (nguzo mbili zinazoshika gurudumu la mbele) na kuzipandisha ndani ya vishikio vyake. Kitovu cha uzito kikishuka, gurudumu la mbele linachelewa kupaa, nawe unaweza kuvuta mafuta mapema zaidi. Fundi niliyempa kazi alinivutia kwa jambo moja: alibana bamba zote mbili pamoja kwenye vaisi, akatoboa matundu kwa mpigo mmoja, ili urefu usitofautiane hata kidogo. Kisha akakata stendi ya pembeni na kuichomelea upya, maana pikipiki ikishuka, stendi ya zamani inaisimamisha wima mno na upepo tu unaweza kuiangusha. Kazi safi, naipa alama zote.

Kwenye sproketi (gia za meno zinazovuta mnyororo) sikubahatika hivyo. Duka moja la Kariakoo liliniuzia ya mbele ya chuma laini, meno yakaanza kuinama kama ndoano kabla tairi halijaanza hata kupata upara. Nikaagiza ya kampuni inayojulikana pamoja na mnyororo wake. Kutoka meno 15 kwenda 14 unapata msukumo zaidi kwa kama asilimia 7 kwenye kila gia, na kwa pesa hiyo hakuna kitu kingine kinachokupa kiasi hicho. Gerezani wanachonga karibu kila kitu, lakini sproketi ya pikipiki yenye nguvu hii usichongeshe, kwa sababu chuma hicho kinahitaji kupikwa kiwandani kiwe kigumu.

Tairi la nyuma ni 180/55 la inchi 17, la barabarani. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mjini kuna matairi yenye kashata nzuri kabisa lakini mpira umeshakauka, hayashiki. Siku ya mbio nashusha upepo hadi karibu psi 22, nalizungusha kidogo tu ili mchanga utoke, na maji yanayomwagwa nyuma ya mstari wa kuanzia kwa ajili ya wanaochoma matairi nayakwepa, kwa sababu kashata inayabeba hadi kwenye mstari. Kabla ya kurudi nyumbani najaza upepo tena.

Kuhusu kabureta, msinakili namba za jeti (vitundu vinavyopima mafuta) kutoka kwa rafiki wa Nairobi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na inataka mafuta machache. Ukizileta jeti hizo Dar, injini itakosa mafuta na kupata joto kali. Hapa tuko pwani, hewa ni nzito, ingawa joto na unyevu wa Februari vinapunguza kidogo. Julai pikipiki hiyo hiyo inavuta vizuri zaidi na ukiikalia unahisi.

Zile nguo za ngozi, glavu, buti na helmeti ya uso mzima sizijadili, ni lazima. Ongeza kamba ya kifundoni mwa mkono inayozima injini ukianguka. Mkanda wa kubana foku ili mbele ikae chini ni wa uwanjani tu, ukitoka nao barabarani foku hazifanyi kazi. Mimi nakimbia pale njia ilipofungwa na kuna gari la wagonjwa, basi. Bagamoyo Road usiku kuna bodaboda zisizo na taa na watu wanaovuka, na hapo nitaendelea kukataa kila anayenialika.

Kinachofuata ni swingamu ndefu, ili gurudumu la mbele lichelewe kupaa zaidi. Bado sijaifunga, kwa kuwa itaifanya pikipiki iwe nzito kukata kona, na hii yangu bado inanipeleka Kigamboni Jumapili.