Swin UNETR: wiki tatu chumbani kwangu Nyegezi, Mwanza

Swin UNETR ni modeli ya akili bandia ya picha za tiba; nimeitumia kuchora mipaka ya ini na bandama kwenye picha za CT. Kilichonivutia ni ilivyofundwa: picha 5,050, bila mchoro wa daktari hata mmoja. Inafichiwa kipande, inakijaza. Picha inazungushwa, inakisia imezungushwa kiasi gani. Ndipo unaipa mifano yako iliyochorwa, na haihitaji mingi sana. Kwetu, ambako daktari mchoraji ndiye huyohuyo wa zamu ya usiku, hiyo ni nafuu kweli. Ila bandama iliyovimba kwa kichocho, na huku ziwani si ngeni, naipitia mwenyewe kwa mkono. Modeli yenyewe ni ya bure, lakini laptopu yangu kuukuu ilizimika mara mbili. Nikaishia kuazima kompyuta ya shemeji, Capripoint.