Gemu za kupendeza za kucheza na walio mbali: ipi ilipiwe, ipi iachwe

Saa tatu za usiku hapa Tudor ni saa nne Maskati. Saa hiyo mtoto wa kaka yangu, ambaye nakaa naye, huwa ameshakaa kwenye mkeka karibu na feni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji, anamngojea mamake aingie. Wanacheza gemu. Simu ya kawaida wanapigiana pia, lakini mazungumzo ya mtoto wa miaka kumi na moja na mama aliye mbali huisha upesi: umekula nini, umeswali, umefanya homuweki, basi. Ndani ya gemu wanamaliza saa nzima pamoja, na yale ambayo mtoto hakuyasema kwenye simu huyasema huko, katikati ya kukimbizana na vidubwana.

Ndiyo maana nimezijua hizi gemu za mtandaoni za kuigiza uhusika, zenye vijitu vya vichwa vikubwa na macho ya duara, ambazo watu wengi huzicheza pamoja kwenye ulimwengu mmoja. Karibu zote ni bure kuingia. Pesa hutoka baadaye, kidogo kidogo, kupitia M-Pesa, na mzazi hushtuka mwisho wa mwezi. Kwa hivyo swali hasa ni hili: ukiwa na shilingi elfu moja au elfu mbili za kutumia, uziweke wapi?

Mimi huangalia mambo mawili kabla ya yote. La kwanza, je, aliye mbali ataweza kuingia kwa simu aliyo nayo? Mama anayefanya kazi ya nyumbani Uarabuni hana kompyuta ya gemu. La pili, je, ninanunua kitu au ninanunua bahati? Gemu nyingi za aina hii huuza masanduku ya kubahatisha: unalipa, unafungua, huenda ukapata mabawa ya dhahabu, huenda ukapata soksi. Nyumbani kwetu hilo tunaliita kamari, na mtoto haruhusiwi hata kwa shilingi kumi. Nguo unayoiona, bei unayoiona, unalipa unavaa: hiyo ni biashara halali.

Halafu kuna umbali wa seva, yaani kompyuta kubwa inayoendesha gemu. Watu hudhani kwa kuwa nyaya za baharini zinatua hapa kwetu Mombasa, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM tangu 2009, basi gemu zote zitakimbia. Waya ni mzuri, lakini seva yenyewe iko Ulaya, Asia au Marekani, na data lazima isafiri iende irudi. Ukipiga upanga leo, jibu linakuja baada ya kitambo. Gemu inayosamehe kuchelewa huko itakufaa kuliko gemu nzuri isiyosamehe. Kuhusu bando usiogope sana, kwani kucheza kwenyewe hakuli kama kutazama video. Kinachomaliza bando ni kupakua na apdeti, kwa hivyo pakua penye waifai ya mtu unayemjua.

Namba moja naipa Sky: Children of the Light, ya thatgamecompany. Ilianza kwa iPhone Julai 2019, ikafika Android Aprili 2020, na sasa iko hata kwenye kompyuta na mashine za gemu, na wote hukutana humo humo. Wapo watakaosema hii si gemu ya kuigiza uhusika kamili, kwa sababu hakuna panga wala levo za kupanda. Ni kweli. Unakuwa mtoto mwenye joho, unaruka, unakusanya nuru ili mabawa yako yapate nguvu. Lakini hakuna gemu nyingine iliyofanya nilichokiona sebuleni kwangu.

Ukikutana na mtu usiyemjua, yeye ni kivuli cha kijivu tu. Lazima umwashie mshumaa, naye akubali, ndipo umwone sura na nguo. Kuzungumza kwa maandishi hakufunguki hivi hivi, ni lazima urafiki ukue kwanza. Kwa mzazi, huo ni ulinzi uliojengwa ndani ya gemu yenyewe. Kisha kuna kushikana mikono. Mmoja akimshika mwenzake, yeye ndiye anayeongoza, na aliyeshikwa hufuata bila kugusa kitu. Usiku mmoja mamake mtoto aliingia akiwa hoi, kazi ilikuwa imemchosha. Mtoto akamshika mkono, wakaingia ule msitu wa mvua, ambako maji hukupunguzia nuru ukikaa nje muda mrefu. Nilimwona anampeleka kutoka kibanda kimoja hadi kingine, anamngoja apate nuru, wanaendelea. "Mama wewe tulia tu, usiguse chochote," akawa anamwambia kwa sauti kubwa pale mkekani, kana kwamba mamake anamsikia.

Cha kununua hapo ni pasi ya msimu. Bei yake ya Marekani ni dola 9.99, kwa hivyo weka akilini shilingi 1,300 na zaidi ukiongeza kodi. Msimu huchukua kama miezi miwili na kitu, na ukifanya kazi zake za kila siku utapata vazi na mapambo unayoyajua mapema. Kasoro yake ni kwamba hupasha simu moto na hudai nafasi kubwa. Simu ya GB 32 iliyojaa picha za harusi itaikataa.

Namba mbili ni Flyff Universe. Hii ni gemu ya zamani ya Korea Kusini, Flyff, ambayo mwaka 2022 ilirudi kwa sura mpya inayofunguka ndani ya kivinjari. Hupakui kitu. Unaenda saiba yoyote, Mwembe Tayari au Kisauni, unafungua ukurasa, unaingia, na ukirudi nyumbani unaendelea kwenye simu kwa mhusika yule yule. Kwa mji wetu sijui gemu ya kweli ya aina hii iliyo rahisi kuanza kama hiyo. Unaanza ukiwa huna kazi, unapiga popo wa duara wanaoitwa Aibatt, na ukifika levo ya 15 unachagua: mpiganaji, mchawi, mwanasarakasi wa pinde na yoyo, au msaidizi anayeponya wengine. Levo ya 20 unapanda ufagio au ubao unaruka angani, na kwa mtoto siku hiyo ni kama sikukuu.

Mama akiwa msaidizi na mtoto akiwa mpiganaji, wanaenda vizuri mno. Msaidizi anaweza kuwekwa amfuate mwenzake, kazi yake ni kuponya tu, na kuchelewa kwa mtandao hakumwumizi sana. Kabla ya kuanza kubalianeni seva, maana ukichagua yako na mwenzako akachagua yake, hamtaonana kamwe.

Kwenye duka lake nendeni polepole. Mtoto alinionyesha vazi la rangi ya waridi, mimi tayari nimeshika simu niweke namba ya siri, akaniuliza, "Shangazi, hili ni la milele au ni la siku?" Nikasoma tena. Lilikuwa la siku. Swali hilo muulizeni kila mtoto kabla hajawaomba pesa, kwa gemu yoyote ile: vingi vinavyouzwa humo vina tarehe ya kwisha, na tarehe huandikwa kwa maandishi madogo kuliko bei.

Namba tatu, kwa wenye laptopu ya kawaida hata ya miaka kumi, ni Wizard101 ya KingsIsle, iliyoanza 2008. Mapigano yake ni ya zamu kwa zamu, kwa kadi. Unachagua kadi yako, unangoja, uchawi unatokea. Intaneti ikivuta miguu hakuna anayekufa kwa hilo, na kwa nyumba ambazo mtandao hulegea kila mvua inaponyesha, hiyo peke yake ni sababu tosha. Kuna shule saba za uchawi, wanyama wa kufuga, na mazungumzo yaliyobanwa vizuri kwa watoto wadogo. Maeneo ya mwanzo ni bure. Baada ya hapo unaweza kulipa uanachama wa mwezi au kununua eneo kwa sarafu zao zinazoitwa Crowns. Nunueni eneo. Likishafunguliwa limefunguliwa, hata mkikaa miezi mitatu bila kuingia. Uanachama hulipia siku ambazo mtoto yuko madrasa na mtihani.

Toram Online ya Asobimo, ya mwaka 2015, ni namba nne kwangu, lakini kwa vijana wa sekondari huenda ikawa ya pili. Iko kwenye simu, haikulazimishi kuchagua kazi moja, unachanganya upanga na uchawi na upinde utakavyo. Ina kina kirefu na inachezeka miaka bila kulipa. Tatizo ni kwamba mavazi mazuri hutoka kwenye bahati. Chezeni, msilipe.

Palia siiwezi kuipangia namba pamoja na hizo. Mtu mwenye kompyuta nzuri na faiba nyumbani, Nyali au popote, aanze nayo na asihangaike na orodha yangu. Ilifunguliwa kwa wote Agosti 2023, ikaingia Nintendo Switch Desemba mwaka huo huo, na Mei 2025 ikafika PlayStation 5 na Xbox. Ni kulima, kuvua, kupika, kujenga nyumba, kuwatembelea majirani. Duka linauza mavazi na mapambo tu, hakuna nguvu za kununuliwa. Nimeicheza kwa rafiki yangu Bamburi, nikapika supu na watu watatu nisiowajua, kila mmoja akikatakata chake, na nikatamani nyumbani kungekuwa na mashine ya kuibeba. Lakini mama aliye na simu peke yake hawezi kuingia, na kwangu mimi hapo ndipo ilipoanguka.

MapleStory watu wataniuliza, kwa sababu ndiyo mama wa gemu hizi zote: Korea Kusini 2003, vijitu vinavyoonekana kwa ubavu tu na kurukaruka, muziki usioisha utamu. Ingieni muione, kwenye kompyuta au MapleStory M kwenye simu. Pesa msitoe. Januari 2024 tume ya ushindani wa haki ya Korea Kusini iliitoza Nexon, wenye gemu hiyo, faini ya takriban won bilioni 11.6 kwa kubadilisha uwezekano wa kupata vitu vizuri kwenye vifaa vya bahati bila kuwaambia wachezaji ukweli. Walikuwa wakilipia kitu wasichoweza kukipima. Nimeshasema nyumbani kwetu tunaiitaje biashara ya namna hiyo.

Na wale wanaopenda vijitu vidogo viitwavyo Lalafell vya gemu ya Final Fantasy XIV: jaribio lake la bure linafika levo ya 70 bila kikomo cha siku. Msilipe mpaka limalizike, kwa sababu ukishanunua gemu kamili huwezi kurudi kwenye jaribio, na kuanzia hapo ni ada ya kila mwezi. Lakini ni nzito kupakua.

Sasa kuhusu gemu ambazo bado zinatangazwa. Loftia ilichangisha pesa kwenye Kickstarter, mtandao wa michango, mwaka 2023, na picha zake za mji wa angani wenye mashamba zinavutia mno. Spirit Crossing ya Spry Fox ilitangazwa Machi 2025, nayo ni ya kijiji, marafiki na viumbe wapole. Ninazifuatilia zote mbili kwa hamu. Lakini sitatoa shilingi kwa gemu ambayo sijaiingia, na hata ikitoka nitaipa mwaka kwanza. MapleStory 2 ilifunguliwa kwa dunia nzima Oktoba 2018 na Mei 2020 ikawa imefungwa. Blue Protocol ilianza Japani Juni 2023, ikazimwa Januari 2025. Kila kilichonunuliwa humo kilizimwa nayo.

Hilo linaniuma kwa sababu limenipata pia. Kuna gemu moja ndogo ya simu niliyoilipia nyumba ya matumbawe, yenye baraza na mlango wa kuchonga kama ya Mji wa Kale. Nilitumia shilingi 1,800. Tuliipamba wiki nzima, mimi na mtoto, mamake akawa anakuja kukaa barazani kila usiku. Baada ya miezi minne likatokea tangazo, wiki tatu zikapita, ukafungua ukakuta skrini nyeupe. Nyumba haikurudi wala pesa. Tangu siku hiyo nikitaka kulipa huangalia gemu ina miaka mingapi na apdeti ya mwisho ilikuwa lini.

Njia ya kulipa: kwenye simu ya Android, Google Play inapokea M-Pesa moja kwa moja, na bei huonekana kwa shilingi. Kwa gemu za kompyuta zinazodai kadi, fungueni kadi ya GlobalPay ndani ya M-Pesa, na kwenye M-Pesa muwe na kiasi kile kile cha manunuzi, kisichozidi. Wekeni nywila kwa kila ununuzi, nayo mtoto asiijue. Sarafu za bei ya chini kutoka kwa mtu wa Telegram ziacheni kabisa, hata kama ni jirani aliyekuelekeza, kwa sababu akaunti ikigunduliwa hufungiwa na kila ulichojenga humo kimekwenda.

Mwezi huu nimelipia pasi moja ya Sky, ya mtoto. Nilimwuliza mamake kama nimnunulie na yeye, akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba hana haja, yeye hushikwa mkono tu.