Dawa ya meno ya mbwa, ladha ya kuku: tyubu moja na nusu baadaye

Nilinunua tyubu mbili na brashi ya mpira ya kuvaa kidoleni, kwenye duka la dawa za mifugo huku kwetu Goba. Tyubu moja elfu kumi na nane, brashi elfu tatu. Ya kwanza imekwisha, ya pili iko nusu, na watu watatu wameshanipigia simu kuuliza kama "ile kitu inafanya kazi". Inafanya, ila jibu lenyewe ni refu kidogo.

Kashata alikuja nyumbani akiwa na wiki kumi, na rangi yake ya karanga iliyoungulia ndiyo iliyompa jina. Mdomo wake ulinuka maziwa, sina la kumsingizia. Alipogusa miezi minne na nusu mambo yakageuka. Umekaa barazani na chai yako, anakuja anatikisa mkia, anakuhemea usoni, chai unaiweka chini. Harufu ya dagaa tunaijua, maana anakula dagaa na ugali kila siku. Hii ilikuwa ya mtaro. Jumamosi moja mume wangu alifunua chemba ya choo aangalie kama imejaa, kumbe mwenye kosa kalala chini ya kiti chake.

Kwanza niliuziwa kipulizio cha mnanaa. Muuzaji akaniambia puliza mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Nikapata harufu ya mnanaa juu ya mtaro kwa robo saa, halafu mtaro ukarudi peke yake. Siku ya tatu Kashata akiiona tu ile chupa anaingia uvunguni. Msikinunue.

Pili nikataka kutumia dawa yetu ya bafuni. Daktari wa mifugo alikuja siku hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akanikuta nimeshafungua kifuniko. Akaipokea taratibu, akaiweka juu ya friji. "Mama, hii ni ya kusukutua na kutema. Huyu hatemi." Floraidi akiimeza kila siku itamsumbua tumbo, na zile dawa zenye zailitoli, ile sukari ya bandia inayotiwa pia kwenye bazoka zisizo na sukari, zinaweza kumshusha sukari ya damu ghafla akafa. Nilikaa kwanza.

Halafu akamfunua mdomo. Juu kulia chonge mbili zimesimama bega kwa bega: ya utoto, nyembamba kama mwiba wa mlimau, na mpya, nene, mbele yake. Katikati pamenasa nyuzi za nyama ya kuku za sijui lini, na ufizi umeiva mwekundu. Mtoto wa mbwa ana meno 28, mkubwa ana 42, na kubadilishana kwenyewe kunaisha kwenye mwezi wa sita au wa saba. Kipindi hicho fizi hutoka damu kidogo na mdomo hunuka hata kwa mbwa anayelishwa vizuri. La utoto lisipotoka kwa wakati, chakula hujibana pale na kuoza.

"Anakula nini?" Nikataja ugali, dagaa, supu ya miguu ya kuku. "Na kingine?" Nikasema hakuna kingine. Mwanangu, miaka tisa, akadakia kutoka mlangoni: "Mama, si anakula mavi."

Ya kuku, ya paka, yake mwenyewe. Nilijua, nilikuwa naona aibu tu kusema. Daktari hakucheka. Alisema watoto wa mbwa wengi wanapitia hapo na wengi wanaacha wakikua, lakini minyoo ndiyo njia yake hiyo, kwa hiyo dawa ya minyoo nisiruke mwezi hata mmoja mpaka afikishe miezi sita. Akaniuliza ninamfanyaje nikimkuta. Nikamwonyesha kandambili. Akatikisa kichwa: anayepigwa hujifunza kumeza upesi kabla hujamfikia. Na kweli, Kashata alikuwa akisikia tu kandambili zangu sakafuni, anabugia lote kwa mkupuo mmoja huku ananitazama.

Sasa tyubu yenyewe. Siku tatu za mwanzo sikupiga mswaki. Nilipaka dawa kidoleni, kiasi cha punje ya harage, nikamwacha alambe. Ina harufu ya kitoweo cha mchuzi na mbwa anaipenda kupita kiasi. Nimeionja pia, msiniulize kwa nini: ina chumvi kidogo na utamu wa ajabu kwa nyuma. Haihitaji kusukutuliwa, akimeza ni sawa. Siku ya nne nikavaa brashi. Namkalisha kwenye ngazi ya jikoni baada ya magharibi, namwinua mdomo wa juu kwa mkono wa kushoto, meno yakiwa yameumana vilevile, nasugua upande wa nje tu, kutoka magego kuja kwenye chonge. Huko ndani ulimi wake unajisugulia. Wiki ya kwanza kidole kilikuwa kinatoka na ukoga wa njano, unateleza kama uji uliolala. Wiki ya tatu kinatoka na mate tu. Ukiruka siku mbili tatu unauona umerudi, na ukiachwa unakuwa mgumu kama jiwe, hapo mswaki hauna kazi tena.

Brashi ndiyo inayoniudhi. Ni pana mno kwa mdomo mdogo, vile vimiba vya mpira vililala ndani ya wiki tatu, na siku moja aliing'ata ikatoboka, kidole changu kimo ndani. Nikanunua mswaki laini wa watoto, shilingi elfu moja na mia tano, na huo ndio ninaoutumia hadi leo. Kifuniko cha tyubu nacho kimepasuka, dawa inakaukia mdomoni mwa tyubu. Maelezo ya kwenye boksi hayana neno hata moja la Kiswahili, na pale dukani hakuna aliyeniambia kiasi cha kupaka.

Lakini harufu ya mtaro haikuondoka hata meno yalipokuwa yanang'aa. Ikapungua, siku mbili, ikarudi kwa kishindo. Nikamfuata nyuma asubuhi moja: anapita kwenye tundu la uzio, anakwenda kwa jirani, kwenye lundo la pampasi. Nilikwenda kuongea na mama mtoto na sahani ya vitumbua mkononi, maana maneno kama hayo huwezi kwenda nayo mikono mitupu. Wakaanza kuzitia kwenye mfuko na kuufunga, sisi tukaziba tundu kwa kipande cha bati. Uani naokota mavi hapohapo anapomaliza, na kopo la dagaa wakavu liko mlangoni: nikisema "acha" akaacha, dagaa mmoja. Ndani ya wiki moja mume wangu akarudi kunywa chai barazani.

Kulamba watu hakujaisha. Bibi wa nyumba ya pili alikuja akiwa na udhu wake, Kashata akamlamba mguu, na Bibi akauosha mara saba, mara moja kwa udongo, mimi namshikia ndoo nikiomba radhi. Siku hizi akigonga geti namfunga mbwa kwanza.

Kwa hiyo dawa naipa nyota nne kwa meno, brashi moja. Kwa harufu siwezi kuihukumu, maana bati na vitumbua vilifanya zaidi. Chonge ya utoto ya kushoto ilitoka yenyewe, nikaiokota kwenye zulia la mlangoni. Ya kulia bado imo. Daktari amesema mwezi wa saba ukifika ataing'oa kwa nusu kaputi. Tyubu ya tatu nitanunua. Kipulizio cha mnanaa sikukitupa, napulizia viatu vya shule vya mwanangu.